Baba Amesimama Langoni: Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Kajiado

Kwa Mheshimiwa Gavana, Waziri wa Afya wa Kaunti, na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,

Nawaandikia nikiwa baba wa msichana wa miezi minane na wiki tatu. Naishi Noonkopir, Kitengela, katika ploti ya vyumba kumi na viwili, na kazi yangu ni ukarani katika duka la vifaa vya ujenzi. Sina cheo, wala sikutumwa na chama chochote. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka, nami naitumia haki hiyo kwa jambo moja. Mwanamume anayepata mtoto katika kaunti hii hana pa kufundishwa, hana pa kuuliza, wala hana pa kuketi. Na wanaoumia kwanza kwa sababu ya hilo ni mama na mtoto.

Siku tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani ilikuwa Julai. Kituo tulichojifungulia sikitaji, kwa kuwa sikuja kumshtaki mtu. Nilikuwa kwenye dirisha la malipo, beseni jekundu mkono mmoja, chupa ya chai na kitenge mkono wa pili, nikisubiri stakabadhi. Huko ndani, muuguzi alikuwa ameinama kando ya kitanda akimweleza mke wangu namna ya kutunza kitovu cha mtoto, na dalili za hatari ambazo zikionekana arudishwe mara moja. Nilipofika mlangoni na stakabadhi, askari alinizuia kwa upole. "Mzee, subiri hapo nje, watatoka."

Walitoka. Nikauliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema turudi baada ya wiki mbili," akajibu. Akafunga macho, akayafungua. "Na mengine. Nimesahau, baba. Nitakumbuka."

Hakuwa amelala siku mbili. Maneno yote aliachiwa yeye, aliyekuwa hawezi hata kusimama bila kushika ukuta, na mimi niliyekuwa na akili timamu nilikuwa nje na beseni.

Siku ya nane usiku alianza kutetemeka. Mnaoijua Kitengela mwezi wa Julai mnajua upepo unaovuka mbuga kutoka Athi na kuyapigapiga mabati hadi alfajiri. Nikasema ni baridi. Nikamfunika blanketi la pili, nikampa Panadol, nikachemsha maji ya chupa. Asubuhi alikuwa bado anatetemeka, mwili moto, hataki kula, na maziwa yamepungua. Nikasema ni malaria, nikampa Panadol tena. Jirani yetu anayeuza mboga langoni pa ploti aliingia kumwona mtoto. Alisimama mlangoni kidogo, akanitazama.

"Baba Toto, huyu ana homa tangu lini?"

Nikamwambia.

"Na damu yake inanuka?"

Sikujua kwamba hilo ni swali. Miaka yangu thelathini na mmoja duniani sikuwahi kusikia mtu akiuliza hivyo, wala sikujua kwamba mtu aliyejifungua akipata homa na baridi ya namna ile, uchafu wake ukawa na harufu, huenda kizazi kimeingiwa na maambukizi yanayoweza kumuua kwa siku chache. Mama yule alijua. Muuguzi alijua na alikuwa amelisema. Mimi peke yangu niliyelala naye chumba kimoja ndiye sikujua. Tulimpakia kwenye tuktuk, akalazwa, akawekewa dawa za mshipa, akapona. Nashukuru Mungu kwa jicho la mwanamke anayeuza sukuma wiki. Lakini Waheshimiwa, maisha ya mke wangu hayakufaa kutegemea jirani kupita saa ile.

Naomba sasa niseme la pili, ambalo ni gumu kidogo kuandika. Wiki ya tano mama mkwe, aliyekuja baada ya homa ile, alikuwa amesharudi kwao Kisii, na mke wangu amepata nguvu. Mtoto alianza kulia kila jioni kuanzia saa moja hadi saa nne, kilio kisichonyamazishwa na titi wala na kubembelezwa. Mimi nikaanza kushuka kwenye matatu steji mbili kabla ya yetu ili nitembee polepole na kufika nyumbani usiku umeingia. Sikuwa nikinywa. Sikuwa na mwanamke mwingine. Nilikuwa naketi tu kwenye jiwe steji ya bodaboda, nasikia kifua kimebana, naogopa kwenda kwangu. Nilimpenda mtoto wangu na nilimwogopa, na sikuwa na mtu wa kumwambia hayo mawili kwa pamoja.

Mmoja wa waendeshaji pale, baba wa watoto watatu, aliniuliza siku moja, "Huyo mtoto wako analala?" Nilimjibu kwa maneno mengi kuliko nilivyokusudia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua koti lake la kuakisi mwanga, akalikunja likawa kama mtoto, akalilaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kwenye kiwiko, miguu ikining'inia huku na huku, na kiganja kikishikilia mapajani. "Hivi," akasema. "Tumbo likae mkononi. Halafu unatembea. Usiketi." Nikajaribu na koti lile mara tatu mbele ya watu. Usiku ule nilitembea na binti yangu kutoka mlango hadi tangi la maji na kurudi, na baada ya muda akanyamaza. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa la kuwa baba, na nilipewa na mwanamume aliyekuwa akisubiri abiria.

Nimesoma baadaye kwamba hali yangu ina jina na imepimwa. Mwaka 2010 jarida la madaktari la JAMA lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 43 za wazazi wapya, nao ulikuta kwamba takribani baba mmoja kati ya kumi hupatwa na sonona kati ya ujauzito wa mwenzake na mwaka wa kwanza wa mtoto, na kwamba hali hiyo huzidi kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Nyingi za tafiti hizo zilifanywa katika nchi tajiri, ambako baba ana likizo na ana daktari wake. Huku kwetu baba anaambiwa akaze mkanda.

Na kweli ndivyo tunavyoambiana. Wanawake wa ploti na wa chama cha mke wangu walikuja kumwona mtoto, wakaleta unga wa wimbi, njahi, sabuni na nepi, wakaketi kitandani, wakaambiana habari za chuchu zilizopasuka na usiku usio na usingizi. Wanaume wenzangu walinitumia pesa kwa M-Pesa na ujumbe: hongera baba, sasa kaza mkanda. Pesa zilisaidia, siwalaumu. Lakini hakuna hata mmoja aliyeingia ndani. Tumejifunza kwamba mlango wa mzazi si wa wanaume, na kaunti nayo imetujengea hospitali kwa mafunzo hayohayo.

Zamani pengine haikudhuru sana, kwa sababu mama aliyejifungua alizungukwa. Kitengela haiko hivyo. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Wengi wa walioongezeka ni sisi tuliokuja na godoro na sufuria mbili kutoka Kisii, Murang'a, Machakos na Busia, kufuata kazi za viwanda vya nguo vya EPZ na vya saruji kule Athi River, au kodi ya nyumba iliyo nafuu kuliko ya Nairobi. Nyanya ya mtoto yuko mbali, anakuja wiki mbili na shamba linamwita. Shangazi hayuko. Anayebaki ndani ya chumba kile, maji ya bowza yakiwa mtungini na nguo za mtoto zikiingia vumbi kwenye kamba, ni mume. Yeye ndiye mkunga, ndiye nyanya, ndiye shangazi, na hakuna aliyemwonyesha chochote.

Na huko mbali na barabara ya lami, kwa wenyeji wetu Wamaasai wa Kaputiei na kuteremka hadi Namanga na Loitokitok, mambo yana sura nyingine. Ukame uliodumu tangu 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo ya watu wengi, na wanaume wakawa wanahama na mifugo iliyobaki kutafuta nyasi, wiki baada ya wiki. Baba anarudi mtoto ana mwezi. Sitajifanya najua la kufanya huko. Wazee na akina mama wa bomani ndio waulizwe, wala saa za kliniki zinazonifaa mimi karani zisipelekwe kwao zilivyo.

Turudi kwenye sheria, kwa maana sehemu kubwa ya shida hii inaanzia kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili, zote kwa mshahara kamili. Mimi nilipoomba nilipewa siku tatu na swali: "Kwani ni wewe uliyezaa?" Nikanyamaza, kwa sababu ya kodi. Siku ya nane, ile ya homa, nilikuwa nimesharudi dukani siku kadhaa, naondoka asubuhi na kurudi jioni, na mgonjwa yuko peke yake na mtoto mchanga. Ningekuwa nyumbani mchana, labda ningeona alivyokuwa akibadilika.

Vijana wa viwandani waliniambia wao hawaombi kabisa, kwa kuwa ni vibarua. Hapa pana jambo ambalo laiti lingebandikwa kwenye kila steji kati ya hapa na Athi River. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi anastahili haki zilezile ambazo angezipata kama asingeanza kama kibarua. Kijana anayeitwa kibarua mwaka wa nne sasa, na anaingia lango lilelile kila siku, ana wiki mbili zake. Hajui tu. Najua masuala ya ajira ni ya serikali ya kitaifa, na najua EPZ iko ng'ambo ya mpaka, Machakos. Lakini wake zao wanajifungulia kwenu. Kliniki ikimpa mama mjamzito karatasi ya tarehe ya kujifungua, haishindwi kuandika nyuma yake, kwa Kiswahili, haki ya baba ya likizo.

Wengine hawana mwajiri wa kuombwa: mwenye bodaboda, fundi, mchuuzi. Hao wasipofanya kazi leo hawali leo. Kwao msaada ni saa. Chanjo za mtoto ni za kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9 na wa 18, na karibu zote zinaangukia asubuhi za siku za kazi. Hata mimi mwenye ajira, wiki mbili za kisheria ningepewa zote, zingekuwa zimekwisha kabla ya chanjo ya wiki ya 6. Kliniki ya Jumamosi ingewaleta wanaume ambao hakuna hotuba ingewaleta.

Nawaomba sana mfikirie wahamasishaji wa afya ya jamii. Mpango huo ulizinduliwa Septemba 2023, zaidi ya watu 100,000 nchini, kila mmoja na nyumba kama mia moja, na mfuko wenye kipima joto, mizani na kipima presha. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi inalipwa nusu na serikali ya kitaifa, nusu na kaunti. Kwa hivyo neno lenu kwao lina uzito. Wetu ni mama mwema sana. Alikuja wiki ya tatu, akampima mtoto uzito, akauliza kuhusu kunyonyesha, akaandika kwenye simu yake. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kigoda umbali wa mkono. Hakuniuliza lolote, nami sikujua kama naruhusiwa kusema. Maswali mawili yangenitosha. Je, baba, unazijua dalili za hatari? Na wewe mwenyewe, unalala? La pili hasa. Halihitaji dawa wala jengo.

Kuna waliokwisha kujaribu hili, na si mbali. Rwanda wana mpango unaoitwa Bandebereho, ambamo wanaume wanaotarajia mtoto au wenye watoto wadogo waliitwa kwenye vikao 15 vya kikundi, na wake zao wakaalikwa katika 8 kati ya hivyo. Walizungumzia ujauzito, kulea, pesa, na hasira. Utafiti uliowafuatilia wanandoa karibu 1,200, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba vipigo nyumbani vilipungua, wake walihudhuria kliniki zaidi na kusindikizwa zaidi, na wanaume wakaongeza saa zao za kazi za nyumbani na za kulea. Baadaye, katika wilaya ya Musanze, vikao hivyo vilikabidhiwa wahudumu wa afya ya jamii, watu wa aina ileile ya mama anayekuja kwetu na mizani. Wilaya ya Rwanda haina utajiri unaoishinda Kajiado.

Najua yatakayosemwa, na mengine ni ya kweli. Wodi zimejaa, vitanda vimekaribiana, na mwanamke aliye kitanda cha pili hataki mume wa mtu mwingine, mimi nikiwemo, amwone akichunguzwa. Ana haki. Ndiyo maana naomba pazia kabla sijaomba kuingia, na pasipokuwa na pazia, naomba muuguzi atoke nje dakika kumi kabla ya kuruhusu watu kuondoka, awaite waume waliosimama na mabeseni, awaambie dalili za hatari kwa sauti. Najua pia kwamba kuna wanaume ambao mama yuko salama zaidi wakibaki langoni. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2015 kuwashirikisha wanaume wakati wa ujauzito, kujifungua na baada yake, liliweka sharti kwamba uamuzi na heshima ya mwanamke vitangulie. Aulizwe yeye kwanza, akiwa peke yake. Akisema hapana, iwe hapana.

Na kitu kimoja kisije kikatokea kwa jina letu. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, juhudi za kuwaleta waume kliniki zilifika mahali mama asiye na mume akatakiwa kuleta barua ya kiongozi wa kijiji ndipo ahudumiwe. Ombi langu likigeuzwa likawa hivyo, ni heri lisijibiwe. Mama anayekuja peke yake asikawizwe hata dakika moja kwa sababu yetu.

Tunachohitaji ni kidogo kuliko yote hayo. Hospitali ya Kitengela itoe chumba kimoja, Jumamosi moja kwa mwezi, saa mbili. Awepo muuguzi mmoja na mwanasesere wa kufundishia kuogesha na kubeba. Wawepo na akina baba wawili watatu wenye watoto wakubwa kidogo, kama yule wa steji, kwa sababu mwanamume atamwambia mwenzake jambo ambalo hatamwambia mtu mwenye kalamu. Pawe na mtu anayejua kumsikiliza aliyezidiwa na kumwelekeza kwa daktari wa afya ya akili bila kumwaibisha. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mzigo wa sheria umeondolewa. Mahali pa kwenda kabla mtu hajafika huko ndipo bado.

Katiba hiyohiyo, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya malezi, na kwamba mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawajaoana. Siukwepi wajibu huo, na wanaume wengi ninaowajua hawaukwepi. Lakini kitabu tunachopewa kliniki kimeandikwa juu yake afya ya mama na mtoto, na kwa miezi minane nimekibeba kwenye mfuko wa koti nikijiona kama mtu aliyebeba barua ya wengine.

Yule mwendeshaji wa bodaboda ameanza kunitania kwamba mimi ndiye mwalimu sasa. Mwezi jana kijana mmoja wa kiwanda cha nguo alikuja pale stejini, macho mekundu, mtoto wake akiwa na wiki nne. Tulimpa koti, akajaribu. Mvua ilikuwa inanyesha, udongo mweusi umeshika viatu vya kila mtu, na tulikuwa wanaume watano chini ya mwavuli wa pikipiki. Watano hatukutoshea.

Alhamisi ijayo binti yangu anadungwa sindano ya surua ya miezi tisa. Nimeomba ruhusa ya asubuhi dukani na nimepewa. Nitampeleka mimi, mama yake akienda kazini. Nitakuwa kwenye benchi saa mbili kamili, kitabu mkononi. Ofisa yeyote wa kaunti anayetaka kuuliza zaidi kuhusu barua hii atanikuta hapo.

Wenu,
Baba wa msichana mmoja, Noonkopir, Kitengela